Malori Yamefika, Msaada Bado: Jinsi Dharura Inavyoratibiwa Familia Zikikumbwa na Mafuriko

Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha Kibosho na Old Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wanaoamka na maji mvunguni ni watu wa Kahe, Mabogini na Arusha Chini, kwenye tambarare ya Moshi. Mito ya Karanga, Weruweru, Kikavu na Rau huteremsha maji ya mlima hadi tambarare kwa saa chache tu, kiasi kwamba mtu wa bondeni anaweza kuzingirwa na mafuriko ilhali kwake hakujadondoka hata tone. Masika ya mwaka 2024, yaliyokuja na El Niño, hayakuitesa Moshi peke yake. Tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya kaya 51,000.

Kinachofuata baada ya maji kuingia, wenyeji wanakijua. Jua halijazama, picha zimeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Kesho yake magari yanaanza kuteremka kutoka mjini: kanisa limeleta magodoro, msikiti umeleta mchele, kampuni imeleta maji ya chupa pamoja na bango lake, watu waliosoma pamoja sekondari wamechanga mitumba. Nia ni njema kabisa. Na bado, siku ya tatu, unaweza kumkuta mama mwenye mapacha hajapata hata ndoo ya kuchotea maji, na hatua chache kutoka alipo kuna darasa limejaa nguo hadi dirishani.

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni wizi, au uzembe. Wizi upo, sikatai. Lakini mara nyingi chanzo ni kingine: mwenye ndoo hakujua kama yule mama yupo, na jirani aliyejua hakuwa na njia ya kumfikishia habari mwenye ndoo. Kuwaunganisha hao wawili ndiyo kazi inayoitwa uratibu, na ni sehemu ya uokoaji ambayo hakuna anayeipiga picha.

Mwenye shughuli ni nani?

Kisheria jibu lipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji au mtaa. Mkoani anaongoza Mkuu wa Mkoa, wilayani Mkuu wa Wilaya, na juu yao kuna Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia idara yake ya menejimenti ya maafa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaokoa. Polisi wanalinda. JWTZ huitwa mambo yakizidi kimo. Mganga Mkuu wa Wilaya anashika afya, na Afisa Ustawi wa Jamii anashika watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Msalaba Mwekundu ni msaidizi wa serikali katika kazi hii, na watu wake wa kujitolea huwa miongoni mwa wa kwanza kufika kwa sababu wengi wao wanaishi hukohuko.

Ila mfumo huu una jambo moja lisilosemwa sana: hufanya kazi vizuri zaidi maafa yanapokuwa makubwa. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha na barabara kuu ikazibwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatiza ziara. Viongozi wa kitaifa walihamia Katesh, jeshi likaingia, nchi nzima ikachangia. Sasa chukua mafuriko ya kaya mia tatu kwenye kata moja ya tambarare ya Moshi, ambayo hayamkatizi mtu ziara. Hapo kamati ya maafa ni mtendaji, diwani, mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu ambaye shule yake ndiyo imegeuzwa kambi. Bajeti yao ni vocha za simu zao wenyewe. Mvua za kila mwaka ni za aina hii ya pili, na mtoto aliyelala njaa kwenye mafuriko madogo hana nafuu yoyote kwa kuwa mafuriko yalikuwa madogo.

Nimekuwa nikisikia kwamba Waswahili hatujui kujipanga. Huo ni uzushi, na ushahidi ni msiba wowote uliowahi kuuhudhuria. Kabla maturubai hayajafungwa, kuna meza na daftari la rambirambi, kuna mweka hazina, kuna mtu wa jikoni, wa usafiri, wa kaburi, na msemaji mmoja wa familia. Hakuna mgeni anayewasha jiko lake pembeni akapika wali wake na kugawa anavyotaka. Basi kwa nini watu walewale, wakifika kwenye mafuriko, kila mmoja anawasha jiko lake? Kwa sababu msibani mwenyeji anajulikana. Kwenye mafuriko mwenyeji naye ni mwathirika: nyumba ya mtendaji imejaa maji, mafaili ya kata yanaelea, simu haina chaji. Meza ya daftari haipo kwa kuwa wa kuiweka yuko juu ya paa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wilaya, kabla ya lori la unga, ni kumpelekea mtendaji yule watu wawili au watatu wenye buti, betri za simu na madaftari. Hakuna mfadhili anayependa kuchangia madaftari.

Somo lililolipiwa kwa damu

Dunia haikuzaliwa ikilijua hili. Wakazi wa Arusha wanaikumbuka mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa mjini kwao kuanzia 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Maafa yaleyale yaliyozaa mahakama hiyo ndiyo yaliyozaa kanuni za misaada ya dharura zinazotumika leo. Mwishoni mwa Aprili 1994 umati unaokadiriwa kufikia watu robo milioni ulivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Julai umati mkubwa zaidi uliingia Goma, upande wa Kongo, na kipindupindu na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu ya watu ndani ya wiki chache. Mashirika ya misaada hayakupungua pale, yalifurika. Tathmini ya pamoja iliyotolewa 1996 ilionyesha kwamba wingi huo bila uongozi ulikuwa sehemu ya tatizo, na kwamba vifo vingi vingeepukika.

Mwaka 1997 mashirika yakaanza kuandika viwango vya chini vinavyojulikana kama Sphere. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ukaanzisha utaratibu wa kugawana sekta: shirika moja linaongoza maji, jingine lishe, jingine ulinzi wa mtoto, ili wote wasikimbilie kugawa blanketi. Kwetu serikali ndiyo inayoongoza na mashirika hujipanga nyuma yake, lakini wazo ni lilelile.

Viwango vya Sphere vinafaa kukaa kichwani kwa mtendaji yeyote wa kata, maana vinageuza huruma kuwa hesabu. Kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Tundu moja la choo lisitumiwe na zaidi ya watu 20. Kila mtu apate nafasi ya kulala isiyopungua mita za mraba 3.5. Chakula cha siku kifikie kama kilokalori 2,100.

Tufanye hesabu ya zile kaya mia tatu. Tukichukulia watu watano kwa kaya, ni watu 1,500. Wanahitaji lita 22,500 za maji kila siku, yaani boza la lita 10,000 lije mara mbili na bado lisitoshe. Wanahitaji matundu 75 ya vyoo. Na darasa la mita saba kwa tisa, kwa kiwango hicho, ni la watu 18. Shule yenye madarasa kumi itawalaza watu 180.

Hao wengine 1,320 wako wapi?

Wasioonekana

Wako kwa ndugu. Kwetu mtu akifurikiwa haendi kambini kwanza. Anakwenda kwa shemeji, kwa mama mdogo, kwa rafiki wa kanisani, kwa mpangaji mwenzake wa zamani kule Pasua au Njoro, mjini Moshi. Kambi ya shule huwapata wale wasio na pa kwenda, na wageni wa mbali, mathalani vibarua wa mashamba ya mpunga na miwa. Kwa hiyo mgawaji anayefika shuleni na kuhesabu vichwa anahesabu sehemu ndogo ya maafa, na sehemu iliyobaki inalala watu kumi na mbili kwenye vyumba viwili vya Pasua ikila mlo mmoja.

Wenyeji wao nao huumia kimyakimya. Familia iliyokuwa ikinunua kilo mbili za unga sasa inahitaji nne, na hakuna atakayeiita mwathirika kwa sababu nyumba yake ni kavu. Baada ya wiki mbili ukarimu unaanza kuuma, maneno yanaanza, na watoto wa wageni ndio wanaotumwa zaidi na kulia peke yao. Ningekuwa na sauti kwenye kamati yoyote ya maafa, ningeomba jambo hili moja: daftari la waathirika lianzie kwenye orodha ya mabalozi wa nyumba kumi na wenyeviti wa vitongoji vilivyofurika, si kwenye geti la kambi. Balozi anajua nani alikuwa akiishi wapi, na kwa kawaida anajua pia amekimbilia kwa nani.

Daftari lenyewe lisiwe la majina tu. Maswali yanayookoa watoto ni machache na hayahitaji fomu ndefu. Kaya ina watu wangapi, na watoto chini ya miaka mitano ni wangapi? Kuna mjamzito au anayenyonyesha? Kuna mtoto ambaye hayuko na mzazi wake? Na swali linalosahaulika kila mara: nani alikuwa akitumia dawa kila siku? Maji yakibeba kabati yanabeba ARV, vidonge vya kifafa, dawa za sikoseli na pumu, na kadi za kliniki zinazoonyesha kipimo. Mtoto mwenye kifafa hatakufa kwa kukosa godoro. Anaweza kufa kwa kukosa vidonge siku mbili. Hospitali ya Mawenzi na KCMC haziko mbali na tambarare hizo, na dawa hizo zinapatikana mjini. Kinachokosekana ni karatasi inayosema fulani, wa kitongoji fulani, anahitaji dawa fulani, na pikipiki ya kuipeleka.

Neno moja kuhusu usiri. Orodha yenye hali ya afya ya watu haibandikwi ukutani wala kupigwa picha na kutupwa kwenye kundi. Tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini hata bila sheria, mtoto anayetumia ARV hastahili kutangazwa kijiji kizima kwa jina la msaada. Orodha mbili zinatosha: ya kaya kwa ajili ya chakula, anayo mtendaji, ya afya na ulinzi, anayo mhudumu wa afya na Afisa Ustawi.

Mtoto asiye na mzazi kwa sasa

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo huruma inapofanya makosa mabaya zaidi.

Mtoto aliyepotezana na wazazi si yatima. Katika saa za kwanza hakuna anayejua. Mama anaweza kuwa Mawenzi amelazwa, baba anaweza kuwa ng'ambo ya mto. Januari 2010, wiki chache baada ya tetemeko la Haiti, kundi la Wamarekani kumi wa kanisa lilikamatwa mpakani likiwa na watoto 33 likidai ni yatima linaowaokoa. Ilibainika baadaye kwamba wengi wao wazazi wao walikuwa hai. Indonesia ilikuwa imeliona hilo mapema: baada ya tsunami ya Desemba 2004 serikali yake ilizuia watoto wa Aceh walio chini ya miaka 16 kutolewa nje ya jimbo bila wazazi.

Moshi na Arusha zina sababu yao ya kuwa macho. Ni miji yenye makao mengi ya watoto, yenye wageni wengi wa kujitolea, na yenye familia nyingi za mjini zinazotafuta msichana wa kazi. Kwenye kambi ya mafuriko wote hao wanaweza kufika, na wengi watakuja na sentensi tamu: "Huyu nitakwenda kumlea, nitamsomesha." Wengine wanamaanisha. Lakini mtoto aliyetolewa kambini bila maandishi ni vigumu mno kumpata tena, na mzazi akijitokeza wiki ya pili hakuna wa kumjibu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimpi mtu ruhusa ya kujichukulia mtoto kwa sababu ana nyumba kubwa. Njia yake ni Afisa Ustawi wa Jamii. Yeye kwanza anatafuta wazazi, kisha ndugu: bibi, shangazi, kaka mkubwa mwenye mji wake. Wakikosekana, kuna walezi wa kuaminika, familia zilizochunguzwa na kuandaliwa mapema na ustawi wa jamii, zinazokubali kumpokea mtoto kwa muda hata akiletwa usiku wa manane. Makao ya watoto, tena yenye leseni, huwa ya mwisho. Mpangilio huo una maana yake. Watoto wengi wanaoishi kwenye makao duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Waliingia kwa dharura au umaskini, na mlango wa kutokea ukawa mwembamba kuliko wa kuingilia.

Kivitendo, mwokoaji anapompakia mtoto mdogo kwenye mtumbwi au gari, jambo la kufanya ni kumwandikia kwa kalamu ya wino mzito, mkononi au kwenye kipande cha nguo: jina, jina la mama, kitongoji alikookotwa. Ndugu wawili wasitenganishwe hata kama gari limejaa. Picha yake isiende mtandaoni na maneno "anatafuta wazazi" pamoja na jina la kambi alipo, kwa sababu wanaosoma tangazo hilo si wazazi tu. Ipelekwe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kwa Afisa Ustawi, na kwa Msalaba Mwekundu, ambao kuunganisha familia zilizopotezana ni kazi yao ya miaka mingi. Namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, hupigwa bure.

Usiku kambini nao una mambo yake. Vyoo vikiwa mbali na giza, wasichana wanaacha kunywa maji jioni ili wasitoke. Taa moja ya sola na komeo la ndani la mlango wa choo vina faida kuliko semina nzima ya ulinzi wa mtoto.

Maziwa ya kopo, na misaada mingine inayodhuru

Katika orodha ya vitu ambavyo watu hununua kwa machozi, maziwa ya kopo ya watoto wachanga huwa juu. Ni msaada wa hatari. Maziwa hayo yanataka maji safi, chupa iliyochemshwa na kipimo sahihi, na kambi ya mafuriko haina hata kimoja kati ya hivyo. Mama aliyepewa makopo mawili anapunguza kunyonyesha, maziwa yake yanapungua, makopo yanakwisha, na mtoto anabaki bila upande wowote. Mwanzoni mwa 2006 Botswana, nchi yenye huduma za afya nzuri kwa viwango vya Afrika, ilipata mvua kubwa na mafuriko, ukafuata mlipuko wa kuhara ulioua watoto kwa mamia. Waliougua sana walikuwa hasa wale wasionyonya.

Mama mwenye hofu na njaa bado anaweza kunyonyesha. Anachohitaji ni chakula, maji ya kunywa, na kona yenye pazia. Wale wachache ambao kweli hawawezi, au mtoto ambaye mama yake hayupo, washughulikiwe mmoja mmoja na mhudumu wa afya. Kugawa makopo foleni nzima ni kosa, hata kama mgawaji ni mtu mwema kupindukia.

Mitumba nayo niiseme kwa kifupi. Kupeleka marobota ya nguo Moshi, mji wenye soko la Memorial, ni kupeleka mchanga jangwani. Kanga, nguo za ndani mpya, taulo za kike, sabuni na ndoo zenye mfuniko huisha saa ya kwanza. Makoti ya suti hubaki hadi panya wazae.

Fedha, pale soko linapofanya kazi, karibu kila mara ni bora. Mafuriko ya Kahe hayafungi soko la Mbuyuni wala la Kiboriloni. Familia ikipata pesa kwa simu itanunua ilichokosa, na muuza duka wa jirani ataamka pia. Ugumu uko kwenye mambo madogo. Simu imezama, lakini laini imesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo mwenyewe anaweza kuirudisha akifika kwa wakala. Kwenye kaya nyingi laini yenye pesa ni ya baba, na baba anaweza kuwa amebaki kulinda mabati wakati mama na watoto wako Pasua. Daftari linapoandika namba ya simu liandike pia ni ya nani, na kama mama ana yake itangulie. Na pale ambapo maduka yenyewe yamezama au barabara imekatika, kama ilivyotokea Katesh, pesa haziliki. Hapo unga, maharage na maji lazima vipakiwe.

Siku tano kabla

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa hali mbaya kwa siku tano zijazo, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na rangi zake ni njano, chungwa na nyekundu. Taarifa hizo zinafika redioni na kwenye simu. Tatizo si kufika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekubaliana mapema rangi ipi inamaanisha nani afanye nini. Chungwa imetoka kwa Kilimanjaro: je, mwalimu mkuu afungue madarasa leo usiku? Wajawazito wa miezi minane wa kitongoji cha chini wahamishwe? Nani analipia mafuta ya gari la kata? Kila mtu anasubiri aambiwe na wa juu yake, na maji hayana mkubwa wa kumsubiri.

Kimataifa siku hizi kuna mifuko inayotoa fedha haraka, mingine hata kabla ya maafa kutokea. Mfuko wa dharura wa Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu upo tangu 1985, ule wa Umoja wa Mataifa umefanya kazi tangu 2006, na ipo mingine ya mashirika inayoamua ndani ya saa 72. Yote huomba kitu kilekile kutoka chini: watu wangapi, wapi, wanahitaji nini, mpango upo? Kata yenye majibu hayo mwezi Februari inapata msaada Aprili. Isiyo nayo inapata ziara.

Wewe unayetaka kuchangia, kabla ya kukodi gari piga simu kwa mtendaji wa kata au ofisi ya Mkuu wa Wilaya, uliza nini kimepungua leo na nini kimezidi, na uliza ukifika ukabidhi kwa nani na uandikiwe wapi. Ukijibiwa kwamba maji ya chupa yametosha na kinachotakiwa ni mafuta ya boza, lipa mafuta ya boza.

Baadaye, kwa kawaida wiki ya tatu, kambi hufungwa kwa sababu shule lazima ifunguliwe. Magari hayaji tena, na hapo ndipo sehemu ndefu ya kazi inapoanza: sare na madaftari, vyeti vya kuzaliwa kufuatiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, mtoto aliyehamia kwa shangazi Pasua kuandikishwa shule ya jirani, kaya zilizopoteza ng'ombe na shamba kuangaliwa kama zinastahili kuingia TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kazi hizi zote zinamwangukia Afisa Ustawi na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na zote zinategemea kama walikabidhiwa daftari la waathirika kwa saini siku kambi ilipofungwa. Lisipokabidhiwa, wanaanza kuhesabu watoto upya, nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuna wa kuwalipia nauli.